Ngozi Iliyotaka Kulala

Sogeeni karibu, mnitegee sikio. Hapo kale Nyamvula aliishi na mama mkwe wake, Bi Dzame, bikizee aliyelala sakafuni akitetemeka kwa baridi. Hawakuwa na kitanda, wala ng'ombe, wala tone la maziwa.

Siku moja Nyamvula akaikuta darini ngozi kuukuu ya ng'ombe, imekakamaa kama ubao. Akailoweka. Ngozi ikaguna, "Taratibu, mama!" Nyamvula akashtuka, lakini hakuiacha. Akaikwangua. Ngozi ikaguna, "Taratibu, mama!" Akaipaka samli yote iliyobaki nyumbani, akaifikicha mpaka ikalainika. Safari hii ngozi ikacheka.

"Umenitendea wema," ikasema. "Ukitaka, nitasimama niwe ng'ombe tena, unikamue kila asubuhi. Au nibaki zulia. Chagua."

Nyamvula akayawaza maziwa, mate yakamjaa kinywani. Kisha akayaona makovu ya kamba pale shingoni mwa ngozi.

"Na wewe mwenyewe wataka nini?"

Ngozi ikajibu, "Sijawahi kuulizwa. Nimechoka, mama. Nataka kulala."

"Basi lala," akasema Nyamvula.

Akaitandika, akamlaza Bi Dzame juu yake. Joto likapanda kutoka chini, kama la ng'ombe aliyejilaza zizini. Kulipokucha, bikizee akasimama mwenyewe, akatoka kuota jua.

"Mwanangu," akaita, "nani huyu aliyekoroma chini yangu usiku kucha?"

Nyamvula akacheka. Hadithi yangu imefika kitandani. Nanyi nendeni mkalale.