Karatasi ya Katikati

Wiki sita nzima Kifutio alichora sanduku. Si ua wala uso wa mtu, sanduku tu linalozunguka, karatasi moja baada ya nyingine juu ya meza ya kioo yenye taa chini yake. Chuoni walimwita Kifutio kwa sababu alifuta kuliko alivyochora, na dada yake alishamwuliza kama siku hizi anasomea useremala. Shida ilikuwa pembe. Upande wa karibu uwe mkubwa, wa mbali uwe mdogo, na kila pembe ifuate mviringo uliobanwa kama yai. Ukikosea kidogo, sanduku linayumba kama mlevi.

Hatimaye karatasi ishirini na nne zikakamilika. Akazifyatua kwa kidole gumba, sanduku likageuka laini kama maji. Kwa furaha akamwonyesha binamu yake, waliyesoma naye darasa moja. Jamani, angemficha! Studio moja ya katuni ilikuwa inataka mwanafunzi mmoja tu wa kumwajiri, na binamu alilijua hilo vizuri.

Asubuhi ya kuonyesha kazi, Kifutio akakuta droo yake tupu. Binamu amesimama mbele ya bosi wa studio, macho makavu, anaeleza eti jinsi zile pembe zilivyomtesa. Hata doa la chai kwenye karatasi ya tisa alisema chai ni yake. Kifutio alipodai haki yake, akajibiwa kwa upole wa kuudhi:

"Mdogo wangu, wivu si kipaji."

Na watu wakacheka! Wakacheka kweli.

Bosi, mama asiyependa kelele, hakumtetea mtu. Alichomoa karatasi ya tano, ya sita na ya saba, akazifungia kabatini, akataka kila mmoja amchoree upya ile ya sita.

Binamu akadai aanze yeye, kama mkubwa. Akapanga ya nne na ya nane chini ya karatasi safi, akachukua rula, akapima kutoka pembe hadi pembe, akatia nukta nusu kwa nusu, akaunganisha. Dakika tatu, kamaliza, anajinyoosha. Kifutio hakugusa rula. Alianza na lile yai, kisha akaitembeza kila pembe juu yake.

Bosi akarudisha ya tano na ya saba, akaweka ya binamu katikati yao, akafyatua zote. Sanduku lilipofika katikati likasinyaa kama puto lililotobolewa, halafu likavimba tena. Akarudia. Likasinyaa vilevile. Ya Kifutio ikapita laini, huwezi kujua kuna kilichotolewa.

"Pembe haikati njia, inazunguka," bosi akamwambia binamu. "Aliyezichora hizi hawezi kutolijua hilo."

Binamu akaanza kulaumu rula. Safari hii hakuna aliyecheka.

Kifutio akaambiwa aanze kazi Jumatatu. Shangazi anaomba yaishe kifamilia. Kifutio anasema yataisha mwanawe akiomba radhi mbele ya walewale waliocheka. Kijana mzima alibeba jasho la wiki sita la mwenzake, na hata saa sita mchana hakuifikia: njia ya mwongo ni fupi.