Kiti Kimoja cha Helikopta

Hapo zamani, si zamani ya babu zetu, majeshi ya kigeni yaling'oa mahema yao mjini Namtili yakaondoka. Walibaki polisi wachache wa mji, na mkufunzi mmoja mgeni, Meja Okwir, aliyekataa kupanda lori na wenzake.

"Sijamaliza kuwafundisha," alisema.

Magaidi walikuwa porini, si mbali. Watu walinunua unga huku wakigeuka nyuma.

Siku ya chanjo zahanati ilijaa kina mama na watoto. Bi Somoe, aliyempeleka mjukuu wake, akamwona mtu aliyevaa baibui kwenye foleni. Mwendo ule aliujua. Alikuwa Hashiri, mwanawe aliyetorokea kwa magaidi porini, na kiganjani alibana kitufe chenye waya.

Angeweza kumbeba mjukuu akakimbia. Hakukimbia. Akamwendea polisi wa zamu mlangoni, Koplo Nandonde.

"Afande, yule ni mwanangu. Ana bomu. Nakuomba, usimuue."

Koplo alikuwa na bunduki. Lakini Meja alikuwa amewafundisha kwamba aliyebana kitufe akipigwa risasi, vidole hulegea na bomu hulipuka. Basi akaiweka bunduki chini, akatembea kama anayekwenda kusalimia, akakidaka kiganja cha Hashiri kwa mikono yake miwili.

"Tokeni! Tokeni wote!"

Watu wakatawanyika wakipiga mayowe. Jasho likamwingia Koplo machoni, asiachie.

Meja akaja mbio. Angeweza kuelekeza kwa mbali. Akapiga magoti mbele ya bomu, akakata nyaya, moja baada ya nyingine, mpaka likazimika, na Hashiri akatiwa pingu.

Magaidi wakatuma salamu: tutarudi, na yule mama, koplo na meja, wote watatu tutawachinja.

Kesho yake ikatua helikopta kuchukua wagonjwa.

"Kimebaki kiti kimoja," rubani akasema, "na mimi sirudi tena huku. Nani anapanda?"

Bi Somoe akasema, "Nimemtoa mwanangu wa kumzaa. Nyumba yangu wameshaichoma usiku. Atanificha nani?"

Koplo akasema, "Kifo nilikishika mimi, kwa mikono hii. Mke wangu ana mimba, na mtoto atamzaa akiwa mjane?"

Meja akasema, "Mimi si wa hapa. Ningekuwa kwetu sasa hivi, kwa mama yangu. Nilibaki kwa ajili yenu."

Moshi ukaonekana upande wa barabara kuu: magaidi wanakuja. Mapanga ya helikopta yakaanza kuzunguka. Wakatazamana wote watatu, hakuna aliyepiga hatua.

Haya, ninyi mnaonisikiliza, msiiname: je, kiti kile ni haki ya nani?