Kwa Nini Mama Mkwe Huvua Viatu wa Kwanza

Enzi ambazo baridi ya milima hii ilikuwa kali kuliko sasa, hakuna mtu aliyejua vidole vya miguu vya mwenzake vinafananaje. Mtoto alipoanza tu kusimama dede, mama yake alimvika vifuko vya ngozi ya mbuzi akavifunga kwa kamba juu ya kifundo, na tangu hapo hakuvivua mbele ya watu mpaka siku ya kuzikwa. Akitaka kuvibadilisha alijificha nyuma ya ghala, akafanya haraka kama mwizi, akafunga tena hata kama miguu haijakauka. Mvua ikinyesha, ngozi ililowa kwa nje. Jua likiwaka, jasho liliilowesha kwa ndani. Mkulima, mchunga mbuzi na mzee wa baraza, kila mmoja alitembea na unyevu wake.

Baridi peke yake isingewafikisha huko, wakwe zangu. Kilichowaponza ni neno. Waliona chui ana kucha na binadamu ana kucha, wakaamua kwamba anayezionyesha hadharani anatangaza uchui wake. Hadi leo mtu mwema akigeuka mbaya tunasema ameonyesha makucha. Sisi tunasema kwa mdomo tu. Wale waliamini kabisa. Kucha za mikono waliziguguna mpaka zikaisha, za miguu wakazifungia ngozini, na huko ndani zikafanya zilivyotaka.

Wakati huo binti mmoja aliyeitwa Nakijwa aliolewa na Kajiru, mwana pekee wa mjane Nambike. Wiki ya tatu ya ndoa, masika yakiwa yamepamba moto, nyumba yao ikaanza kunuka. Haikuwa harufu ya moshi wala ya mbuzi, hizo walizizoea. Ilikuwa kama maziwa yaliyosahaulika kibuyuni yakachanganywa na ngozi iliyooza, na ilizidi watu walipokaa kuuzunguka moto.

“Panya amefia humu,” alisema Nambike.

Basi wakamtafuta. Siku ya kwanza walitoa vyungu na mitungi yote nje. Siku ya pili walibandua udongo wa ukuta, upande mmoja kisha wa pili. Hawakuona hata mkia. Wakahamia kulala kwenye kibanda cha jikoni, na harufu ikahamia nao. Ningekuwepo ningewauliza, panya gani huyo aliyekufa akajua njia ya jikoni? Lakini mtu aliyekwisha kuamua kuna panya haulizwi maswali. Siku ya tatu Kajiru alipanda juu akaanza kuezua paa.

Nakijwa alijua. Kucha zake za vidole gumba zilikuwa zimegeuka manjano, kisha kahawia, zikanenepa na kumeguka kingo, na chini yake kulikuwa na uchafu kama makoko ya uji. Alikuwa akizisugua kwa majani nyuma ya ghala huku akilia.

Jioni ile akafika Mzee Mrutu, baba mkubwa wa Kajiru, mtu wa kukata maneno. Alivuta pumzi mara moja tu.

“Nyumba hii haikuwa na harufu kabla ya kikapu cha huyu kuingia,” alisema. “Kesho arudishwe kwao.”

Bibi harusi aliyerudishwa siku hizo hakuposwa tena na mtu. Na Nakijwa, niseme wazi, alimpenda yule kijana, naye alipendwa.

Asubuhi kikapu chake kilifungwa kikawekwa mlangoni. Kajiru alikuwa bado juu ya boriti, anaondoa nyasi za mwisho kwa mikono iliyochubuka, kwa sababu alitumaini kumpata panya kabla mkewe hajaondoka. Nakijwa alisimama chini, katikati ya nyumba isiyo na paa, jua limemwagika ndani kote. Alimtazama mumewe akipekua kila tita la nyasi na moyo ukamuuma kuliko aibu.

“Mama,” alimwambia Nambike, “mwambie ashuke. Panya hayuko huko. Ninaye mimi.”

Akaketi sakafuni, akafungua kamba, akavua.

Mzee Mrutu aliziba pua akarudi nyuma hatua mbili. Kajiru aliganda na tita lake mkononi. Nakijwa aliinamisha kichwa, akingoja kuitwa chui. Nambike aliitazama miguu ile, kisha akakunja nguo yake, akaketi mbele ya mkaza mwana wake, na kuanza kufungua kamba zake mwenyewe. Fundo lilikuwa la miaka mingi, akalikata kwa makali ya kisu.

“Mwanangu,” alisema, “panya wako huyo ni mtoto. Wangu ana wajukuu.”

Kajiru alicheka mpaka ikabidi akumbatie boriti. “Mama,” alisema huko juu, “kumekucha.” Akashuka, akavua vyake. Mzee Mrutu alibaki amesimama peke yake na miguu iliyofungwa, wote wakimtazama, mpaka na yeye akaketi. Ndipo ilipojulikana kwa nini harufu ilikuwa imezidi tangu alipofika jana yake. Kile kikapu alikifungua yeye mwenyewe, polepole, akarudisha kila kitu mahali pake.

Nakijwa alilia, lakini sasa kilikuwa kilio cha mtu aliyetuliwa mzigo. Walikaa pale mpaka mchana, vidole vyao vyote arobaini vimetandazwa juani, na miguu ilivyokauka ndivyo harufu ilivyopungua. Basi wakajifunza kutoka hapo. Waliosha miguu kwa maji ya uvuguvugu na chumvi, wakaikausha mpaka katikati ya vidole. Kucha nene walizilowesha zilainike, wakazikata kwa mstari ulionyooka bila kuchimba pembe, kila mtu na kisu chake, maana aliyeazima aliondoka na ugonjwa. Ngozi za zamani walizichoma, wakashona jozi mbili mbili, moja ikivaliwa nyingine inakauka. Kidole cha Mzee Mrutu kilikuwa chekundu na kina usaha. Hicho hawakukichezea, walimpeleka kwa mganga siku ileile. Ukucha mpya wa Nakijwa ulitoka shinani, mwembamba na msafi, taratibu mno, na karibu mwaka ulipita kabla haujafika nchani.

Na tangu siku hiyo, watu wa milima hii hawamwingizi bibi harusi ndani kabla ya kuketi naye uani miguu wazi, na yeye havui wa kwanza. Wa kwanza ni mama mkwe, ili aibu kama ipo ianzie kwa mwenye nyumba. Ngozi za mbuzi zimekwisha, sasa kuna raba na mabuti, lakini vidole ni vilevile. Basi, mwanangu, umetoka mbali na viatu vyako vimefungwa tangu alfajiri. Miguu yangu hii hapa, itazame vizuri, usione haya. Sasa nipe mguu wako nikufungue kamba.