Bi Kwale, Fisi na Plagi za Kuzimwa kwa Simu

Ngano, ngano!

— Iwake!

Niizime?

— Usituzimie!

Basi kaeni. Na nyie wa nyuma acheni kutafuna, leo nasimulia habari za mlafi, mtanichanganya.

Alikuwepo Bi Kwale, ndege mdogo wa porini. Moto wa nyika ulimpitia, ukamchukulia mumewe na manyoya yote ya kifuani. Manyoya hayakuota tena. Akabaki na mayai saba na kifua kitupu kisichoweza kuatamia hata yai moja. Akaenda kupanga chumba kwa Fisi, chumba chenye soketi moja, akatundika taa ya joto, ile ya wafuga vifaranga, akaiinamisha juu ya mayai. Taa hiyo ndiyo ilikuwa kifua chake.

Fisi naye alikuwa na friza. Friza kubwa mpaka ikagoma kupita mlango wa chumba chake, akaiweka koridoni. Ilijaa nyama tele, na aliinunua kwa sababu moja tu: nyama ikiganda hainuki, na isiponuka ndugu hawaji. Na Fisi alikuwa na ndugu, jamani, msiulize.

Siku moja akarudi na maboksi mawili. La kwanza lilikuwa na kidude chenye kioo, kinaonyesha umeme wa nyumba nzima kwa mstari unaopanda na kushuka. La pili lilikuwa na plagi za kuzimwa kwa simu. Akagawa: moja ya Bi Kwale, moja ya Mzee Kobe wa chumba cha pili, aliyekuwa na redio tu. Friza hakuipa.

"Plagi ni za wapangaji," akasema. "Sasa nitamjua anayekula umeme wangu. Wala sina haja ya kuingia vyumbani mwenu, kila kitu nakiona kwenye simu."

Friza ikanguruma, nguru-nguru-nguru. Mstari ukapanda. Fisi akabonyeza simu, tik! Taa ya Bi Kwale ikazimika, fyu.

"Hodi, baba mwenye nyumba, hodi! Niwashie, mayai yanapoa!"

"Mstari umepanda."

"Ni friza yako iliyonguruma."

"Friza yangu ina plagi ya simu?"

"Haina."

"Inaonekana kwenye simu?"

"Haionekani."

"Basi kitu kisichoonekana kitakulaje umeme? Anayeonekana ni wewe."

Alipowashiwa, Bi Kwale aliyagonga mayai kwa mdomo, moja moja, ko, ko, akitega sikio. Matano yalijibu kutoka ndani. Mawili yalikaa kimya.

Kesho yake friza ikanguruma, nguru-nguru-nguru. Mstari ukapanda. Tik! Fyu. Safari hii Bi Kwale alimwendea Fisi kwa magoti, na Fisi akamaliza kwanza kula. Yakajibu mayai mawili.

Siku ya tatu, nguru-nguru-nguru. Tik! Fyu. Likajibu moja.

Bi Kwale akakaa sakafuni. Alikuwa amechoka hata kulia. Mzee Kobe akaja taratibu, akakaa mlangoni.

"Mwanangu, mshukuru Mungu kwa hilo moja."

"Nitashukuruje, Mzee, na simu bado iko mkononi mwake?"

Mzee Kobe akajikokota kurudi kwenye redio yake.

Fisi alipotoka kwenda kutafuta nyama nyingine, Bi Kwale akanyanyuka. Akaichomoa plagi yake. Akapenya nyuma ya friza, kwenye kinafasi kinachomtosha kwale na vumbi tu. Akachomoa waya wa friza ukutani, akachomeka plagi pale, waya wa friza akauchomeka kwenye plagi. Taa yake akaichomeka moja kwa moja kwenye soketi ya chumbani mwake, bila plagi. Halafu akaziba chini ya mlango kwa gunia, mwanga usitoke.

Fisi akarudi. Nguru-nguru-nguru. Mstari ukapanda. Fisi akalitafuta jina la Kwale kwenye simu, tik! Friza ikanyamaza, nguu... kimya. Mstari ukaanguka, ukalala karibu na chini kabisa.

"Nilisema mimi! Ni Kwale! Mmeona?"

Bi Kwale akatoka analia. Ilimbidi alie ili Fisi aamini, wala hakupata taabu. Aliyafikiria yale sita, machozi yakaja yenyewe.

"Niwashie, baba mwenye nyumba!"

"Siwashi! Sasa ndiyo siwashi kabisa!"

Siku tatu Fisi alikaa anautazama mstari uliolala, raha mustarehe. Mzee Kobe akamwambia, "Friza yako mbona haina sauti?"

"Umeme ukipata nidhamu, hata friza inatulia."

Siku ya nne harufu ikaamka. Ikapita koridoni, ikavuka ua, ikapanda mlima na kushukia ng'ambo. Uuuu-wi! Wakaja shangazi, wajomba, binamu na watoto wa binamu.

"Mwanetu, una karamu na hutuiti!"

Wakala nyama, wakala na kifuniko cha friza, wakajilaza kitandani kwake. Ndugu hao, angewaambia nini?

Katikati ya kelele hizo yai la saba likapasuka, kri. Kifaranga. Bi Kwale hakupata hata muda wa kufurahi, maana nyumba iliyojaa fisi si mahali pa kifaranga. Akamfunga kwenye kanga, akaruka hadi dirishani kukiwa na jua la saa nne, joto la kumtosha mtoto. Pale dirishani aligeuka kuizima taa. Akainua bawa hadi kwenye swichi, akalishusha. Hakuweza. Akayaacha yale sita chini ya mwanga, akaenda.

Fisi naye, ndugu zake wamembakizia kona tu. Amejikunyata na kioo chake, na sasa anapokitazama kwa karibu, mstari haujalala kabisa: umeinuka, kidogo tu, mwembamba.

"Nani tena huyu?" Tik. Hakishuki kitu. Tik. Tik.

Ngano yangu imeungua balbu hapo, mwenye nyingine aiwashe. Funzo lake: mpangaji mwema, ukihama, zima taa.

— Na yale sita?

Nimesema zimeni taa. Haya, tawanyikeni.