Viatu vya Mheshimiwa

Mama zangu, dada zangu, nisikilizeni upesi, maana huyu mtoto mgongoni akiamka sitamaliza.

Palikuwa na mheshimiwa mmoja, mjumbe wa bunge la kaunti, amechaguliwa mara tatu, na hakuna aliyejua msimamo wake. Kodi ya soko? Walioitaka walimwona ni wa kwao, wasioitaka nao wakamwona ni wa kwao. Hebu niambieni, mtu anaishije hivyo? Akiwa peke yake anaamini nini? Mimi ningependa sana kujua.

Basi ikaletwa hoja kwamba wodi ya kujifungulia ya kijijini kwake ifungwe, wajawazito wavuke mto waende mjini. Mama mmoja mwenye mimba kubwa akaenda mwenyewe bungeni, akaketi kule juu wanakokaa wageni, akatazama.

Jumamosi mheshimiwa akaja kijijini, wodi ina kufuli. Yule mama akasimama mbele ya watu.

"Mheshimiwa, mbona wodi imefungwa?"

"Inauma, mama. Bunge ndilo limeamua."

"Sijauliza bunge. Wewe ulisema nini?"

"Mimi? Nilipaza sauti mpaka ikakauka!"

"Nilikuona. Spika alipouliza wanaokubali, ukafungua mdomo. Alipouliza wanaokataa, ukafungua tena."

Watu wakacheka, hata aliyemshikia mheshimiwa mwavuli akacheka.

"Sauti zikalingana," mama akaendelea, "Spika akasema wasimame wahesabiwe. Hoja ikapita kwa kura moja, mheshimiwa. Moja! Wewe ulikuwa wapi?"

"Aa, pale nilikuwa nimeinama, mama. Nafunga kamba za viatu."

Mama akamtazama miguuni. "Si ndivyo hivi ulivyovaa siku ile? Kamba ziko wapi?"

Mnacheka. Ngojeni kwanza.

Sisi je? Kila Jumapili tunawaombea wajawazito wavuke salama, na Amina yetu inatikisa mabati. Inapendeza, sikatai. Lakini ndani ya Amina kubwa hivyo si mtu anaweza kujificha vizuri tu? Nani atajua ni yako au ya jirani yako? Na Mungu akitaka kutuhesabu, atahesabu sauti?

Kadzo yule pale nyuma atajifungua wiki hii au ijayo, mumewe yuko mbali, na mto umejaa. Mimi naogopa, nasema wazi. Mwaka jana nilivuka peke yangu, huyu akiwa tumboni, maji yananifika kiunoni, na mpaka leo nikifumba macho nayasikia. Sitaki Kadzo ayasikie peke yake.

Basi tutaomba, tutasema Amina. Kisha watakaovuka na Kadzo nitawaomba wasimame. Mimi nimeshasimama, mnaniona.

Na kabla hamjainama, nimeshaangalia huko chini: karibu wote mmevaa ndala.