Kuku wa Bati na Firigisi Moja

Hapo zamani, katika mtaa wa Mkanyageni, nguchiro alimla kuku wa Bi Mwanasiti, akaacha vifaranga saba. Walimwagiwa chenga za mchele, hawakudonoa. Walikuwa wakimlilia mama tu. Siku ya pili wakabaki sita.

Bi Mwanasiti, mjane mwenye pupa ya maneno, akapaza sauti uani: "Atakayewapatia mama, firigisi ya jogoo wa kwanza ni yake!"

Kisha akauma ulimi. Mkanyageni firigisi haikatwi, na huliwa na mwenye nyumba. Tangu mumewe afariki, alikuwa akiila yeye mwenyewe, jikoni, mlango umefungwa. Lakini neno lilishatoka.

Akaja Fundi Kombo, mfua bati, kapera. Akafua kuku: mbawa, mkia, kishungi. Kuku akasimama. Vifaranga wakamtazama kama wanavyotazama ndoo.

Akaja Fundi Makame, mtengeneza saa, kapera vilevile. "Kombo, ndugu yangu, umefua birika!" Akamtia kamani, ile springi ya kuendeshea saa, na magurudumu yake. Kuku akatembea, tik, tik, tik, moja kwa moja hadi ukutani. Vifaranga wakatawanyika.

"Huyo askari wa gwaride," akasema Kombo.

Akaja jirani, Bi Riziki, mfuga kuku. "Nyie wanaume! Mmekula kuku umri wenu wote, hata siku moja hamjamtazama!" Akajifunga kanga kiunoni, akainama mbele ya mtaa mzima. Hatua mbili, parua, parua. Nusu hatua nyuma. Inamisha kichwa, donoa, ngoja. "Hapo pa kungoja msipasahau."

Kombo akaikunja upya miguu ya kuku. Makame akachonga meno ya gurudumu. Kuku akaenda hatua mbili, akaparua, akarudi, akadonoa, akangoja. Vifaranga wote sita wakamfuata, wakala.

Jogoo wa kwanza akakua, akachinjwa. Kombo akaja amenyoa ndevu. Makame akaja na kanzu mpya. Bi Riziki akaja na ndimu yake mkononi.

"Bila mwili wangu, Bi Mwanasiti, kamani ingetembea na nini?" akasema Kombo.

"Bila kamani yangu, wangemfuata nani? Birika?" akasema Makame.

"Na bila kiuno changu, shoga, ambacho mpaka leo kinaniuma," akasema Bi Riziki, "mngekuwa na saa yenye mkia."

Bi Mwanasiti akaitazama sahani. Akimpa Kombo, kabla ya magharibi mtaa utasema kapata mume. Akimpa Makame, ni hayohayo, na Kombo, anayemzibia paa likivuja, hatakanyaga tena kwake. Akimpa Bi Riziki, wanaume wawili waliojipamba watarudi kwao wamenuna. Naye mwenyewe, jamani, mate yalishamjaa.

Nyuma yake kuku wa bati akaenda hatua mbili, akaparua, akarudi nusu hatua, akangoja.

Haya, ninyi mnaosikiliza, wali unapoa. Firigisi ni moja. Je, nani alistahili?