Shavu la Kushoto la Deni

Paukwa!
—Pakawa!
Pakawa nani?
—Pakawa Buku, mashavu kama mifuko!
Na nani tena?
—Na Nyani, tumbo kama ngoma!
Na nani anasinzia?
—Hakuna!
Muongo wewe wa nyuma, nimekuona. Sogeeni basi.

Hapo kale, katika bonde la Kijibwe, alikaa Bi Buku. Buku mnamjua, yule panya mkubwa mwenye mashavu ya kubebea chakula. Alikuwa mjane, ana watoto watatu, shimo moja na mkeka mmoja. Jirani yake alikuwa Nyani, bwana mwenye nguvu, mwenye ghala la karanga, na mwenye chawa.

Mwaka mmoja kiangazi kilikaza. Watoto wa Buku wakalia, ng'wii, ng'wii! Buku akaenda kwa Nyani kukopa kikapu kimoja cha karanga.

"Nitakupa," akasema Nyani. "Utarudisha vikapu vitatu. Na kila Ijumaa, mpaka umalize, uje unichune chawa."

Afanyeje? Akakubali. Kila jioni akitoka shambani, mashavu yamejaa, akawa anaimba:

"Shavu la kulia la kula,
Shavu la kushoto la deni!"

La kulia akawatemea watoto, ta, ta, ta. La kushoto akampelekea Nyani, ta, ta, ta. Ijumaa akachuna chawa, tis, tis, tis, na Nyani kalala kifudifudi anakoroma. Mgongo wa Nyani, jamani! Ukidhani umeumaliza, bado hujafika nusu. Buku aliuchukia ule mgongo kuliko alivyoichukia njaa.

Akalipa miezi saba. Mwezi wa nane deni likaisha.

Siku ya kwanza akacheza. Siku ya pili akatafuna karanga za mashavu yote mawili. Siku ya tatu akamwalika shoga yake Kanga, yule asiyeweza kuficha neno, wakala wakasaza. Siku ya nne akachungulia shimoni, hakuna hata ganda.

"Ala!" akasema Buku. "Nilipokuwa na deni nilipata vikapu vitatu. Sasa sina deni, na sina hata punje. Kiangazi kikirudi, na mimi nirudi kwenye ule mgongo?"

Palepale akakanda udongo, akafinyanga mtungi mkubwa, akauchoma mpaka ukaiva, akauweka kwenye kona ya shimo. Akawaita watoto.

"Wanangu, mtungi huu jina lake ni Deni. Semeni."

"Deni!"

"Basi. Mama yenu bila deni hajui kujibana."

Tangu siku ile wimbo ukarudi. Shavu la kulia la kula, ta, ta, ta. Shavu la kushoto la Deni, ta, ta, ta. Kuna jioni shavu la kushoto lilinukia vizuri mno, naye akameza moja njiani. Akifika alikuwa anainama mbele ya mtungi: "Deni, leo nimekudhulumu moja. Kesho nakuletea mbili." Na kesho yake akaleta mbili. Mimi nilimpenda kwa hilo.

Kanga akaja. "Shoga, tule kama siku ile!"

"Ningekukaribisha, shoga, lakini nina Deni."

"Si ulimaliza?"

"La Nyani nilimaliza. Hili lingine. Na hili halishibi!"

Kanga akaondoka mbio kabla hajakopwa yeye. Jua halijazama, bonde zima lishajua: maskini Buku, ana deni jingine! Hakuna aliyekuja tena kuomba wala kukopa. Buku akacheka kimoyomoyo, akaendelea kujaza.

Kiangazi kikarudi. Nyani naye ghala lake alikuwa amelila lote, maana mwenye kingi hajui kupima. Akachukua fimbo, akaja kwa Buku. Ngo! Ngo! Ngo!

"Wewe Buku! Lile deni lako lilikuwa na mkia, na mkia hukuulipa. Leo nachukua kila kilichomo humu shimoni!"

Wanyama wakajaa. Buku akatoka, watoto nyuma yake wameng'ang'ania mkia. Alitetemeka kweli, hakuigiza. Mtungi ukienda, watoto watalia tena, na Ijumaa itarudi. Akapiga magoti.

"Bwana wangu, nguvu ni zako. Chukua mkeka, chukua chungu, chukua mwiko. Ila nihurumie, ukichukua vyote, chukua na Deni langu. Limejaa mpaka shingoni, peke yangu siliwezi."

Nyani akaruka nyuma, hup! "Deni la mtu? Nilibebe mimi?"

"Walau nusu, bwana."

"Hata robo! Sikieni nyote! Naapa kwa mkia wangu, ukatike nikivunja: Deni la Buku ni la Buku. Mimi siligusi, wanangu hawaligusi!"

"Mara tatu, bwana, mashahidi wasikie," akasema Buku huku anajifuta machozi.

Nyani akaapa mara tatu. Kisha akaingiza mkono shimoni. Akavuta, vuu! Mkeka. Akavuta, vuu! Chungu na mwiko. Akavuta tena, vuuuu! Mtungi. Kifuniko kikaanguka, na karanga zimejaa pomoni.

"Ahaa! Na hiki?"

"Hilo ndilo Deni, bwana."

Kanga akapasuka kwa kicheko, kwe-kwe-kwe! "Kweli tupu! Kila jioni tunalisikia, shavu la kushoto la Deni!"

Nyani akauachia mtungi upesi, akaushika mkia wake kwa mikono miwili aone kama bado upo. Upo. Akakaa chini. Tumbo likanguruma.

"Bi Buku," akasema taratibu, "nikopeshe basi kidogo."

"Nikukopeshe Deni? Si umeapa huligusi?" Kisha akamwonea huruma. "Lakini shavu la kulia ni la kula."

Akamtemea karanga tatu. Nyani akazila na maganda yake.

"Na Ijumaa?" akauliza, huku anajikuna.

"Ijumaa, bwana, nalala."

Na kweli akalala. Mvua za kwanza zilipoanguka, watoto walikuwa wamenona, na ndani ya Deni zilibaki karanga za kupanda.

Fundisho, wanangu? Wazee wanasema dawa ya deni ni kulipa. Msiwasikilize. Usiye na Deni nyumbani, tafuta lako, lilishe, lilee, likue mpaka shingoni. Na mtu akikulilia ana deni, kwanza mtazame mashavu.

Hadithi yangu imefika mlangoni. Utamu wake utieni shavu la kulia. La kushoto mniachie mimi.